Miiba ya Oldonyo Sambu na Ubahili wa Tajiri

Safu ya Jumamosi
Na Mpita Njia

Nimeghadhibika juma hili, wala sioni haya kulisema hilo mbele ya wasomaji wangu, kwani walionizoea wanajua kwamba Mpita Njia huvumilia mengi, ila hawezi kumvumilia mtu anunuaye chombo cha thamani kisha akakibania matunzo, halafu taabu yote akaiacha ianguke juu ya kichwa cha mtumishi wake.

Nilikuwa natoka Namanga kurejea Arusha, na tulipofika upande wa Oldonyo Sambu, ambako mlima Meru huzuia mvua na nchi ikawa ya vumbi, mawe na migunga, nikamwona kijana mwongoza wageni amechutama kando ya baiskeli ya umeme, ya zile zilizoundwa kwa ajili ya milimani, na wageni wake wawili, mume na mke wa makamo, wameketi ukingoni mwa barabara wamejifunika vitambaa vichwani kwa ukali wa jua. Nikamwomba dereva asimame. “Shikamoo, mzee,” akaniamkia pasi na kuinua uso, kwa sauti ya mtu aliyekwisha fedheheka.

Tairi la nyuma lilikuwa limelala. Ameshalivua upande mmoja na kuichomoa tyubu, nayo ilikuwa na viraka juu ya viraka, na karibu na kiraka cha mwisho palikuwa na matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba, ambayo fundi yeyote akiyaona hujua kwamba hapo hapakuingia mwiba, bali mpira ulibanwa baina ya jiwe na ukingo wa rimu. Kisha akapitisha kidole taratibu ndani ya tairi, akatoa mbigili, akatoa mbigili nyingine, akatoa na ncha ya mwiba wa mgunga iliyovunjikia humo. Solusheni yake imekauka. Wala hakuweza kuipindua baiskeli ikasimama juu ya kiti na usukani kama tuzipinduavyo baiskeli zetu za Phoenix, maana juu ya usukani kuna kioo kinachoonyesha hesabu ya betri, nacho kikiegemezwa juu ya mawe huvunjika. Basi akawa ameilaza ubavu, chombo cha kilo 20 na ushei, akipigana nacho peke yake.

Lililonichoma zaidi ni maandishi yaliyochapwa ubavuni mwa tairi lenyewe, kwamba limetengenezwa hata litumike bila ya tyubu, na rimu kadhalika. Yaani tajiri wa kijana huyo aliinunua baiskeli iliyo tayari kwa tyubulesi, akaziacha ndani tyubu zilizokuja nayo kutoka kiwandani, akaipeleka kwenye miiba. Nikamwuliza kijana sababu. “Tajiri anasema dawa ni ghali, mzee, tena inakauka.”

Hoja hiyo naikataa kabisa. Tairi la tyubulesi hukaa juu ya rimu iliyozibwa kwa utepe, na ndani yake hutiwa dawa ya majimaji, aghalabu ya utomvu wa mpira, ambayo mwiba ukitoboa husukumwa na upepo mpaka penye tundu ikagandia papo hapo, na mara nyingi mpandaji asitambue kwamba ametobokewa. Na madhali hakuna tyubu ya kubanwa, upepo waweza kupunguzwa hata kufikia kiasi cha ratili 25 kwa inchi ya mraba, tairi likayashika mawe badala ya kuyaruka. Baiskeli ya umeme inayahitaji haya kuliko nyingine zote, kwa kuwa ni nzito, na mota yake huligandamiza gurudumu la nyuma juu ya kila jiwe; ukiitia tyubu huna budi kuijaza upepo mwingi ili isibanwe, na ukiisha kuijaza, inateleza.

Dawa hukauka, naam. Katika joto na ukavu kama wa Oldonyo Sambu yafaa iongezwe kila baada ya miezi miwili au mitatu. Basi iongezwe! Mtu ambaye hachoki kuchaji betri kila usiku, kwa kuwa bila ya betri hapati wateja, ana udhuru gani wa kusahau dawa?

Wako watakaonijibu kwamba mafundi wa tyubu wapo kila njia panda, na karai zao za maji chini ya mwembe. Wapo, nami nawaheshimu, na kwa mchukuzi wa maziwa apitaye barabara kuu tyubu inatosha kabisa. Lakini hao hawapatikani kwenye njia za ng'ombe wanakopelekwa wageni. Mwenye akili hutumia tyubulesi, akabeba tyubu moja mkobani kwa siku ambayo jiwe litalichana tairi tundu lisilozibika kwa dawa. Tairi la upepo tunalo tangu Dunlop alipomtengenezea mwanawe kule Belfast mwaka 1888, na magari yetu madogo karibu yote leo hayana tyubu. Sielewi kwa nini baiskeli peke yake iambiwe kwamba hayo ni mambo ya Ulaya.

Msomaji, ukienda kukodi baiskeli ya namna hii, kabla hujatoa fedha inua gurudumu, ulitikise karibu na sikio lako. Dawa ikiwa hai utaisikia ikicheza ndani. Usiposikia kitu, uliza ilitiwa lini, na asiyeweza kukujibu usimpe fedha yako.

Tulipokuwa tukiagana, kijana akanieleza kwamba kila pancha inayowachelewesha wageni hukatwa katika ujira wake. Sitamtaja tajiri huyo, lakini najua gazeti hili humfikia. Fedha aliyomkata kijana si yake. Amrudishie.