Hataza: Je, mbunifu wa Pemba anaweza kuharakisha ombi lake?

Serikali ya Zanzibar inahimiza uchumi wa buluu. Pemba ina kiwanda cha makonyo Wawi, na mwani una kiwanda chake Chamanangwe. Pembeni ya viwanda hivyo wapo watu wanaobuni vitu vyao wenyewe kwa mikono: kichanja cha kuanikia mwani usishike mchanga, mashine ndogo ya kusagia mwani wa sabuni, tanuri la kukaushia karafuu siku za mvua.

Mtu wa namna hiyo akisikia neno hataza, huuliza mambo mawili: nitasubiri kwa muda gani, na je, kuna njia ya kuharakisha? Jibu letu ni kwamba njia zipo. Nyingi zimo mikononi mwa mwombaji mwenyewe, na hazihitaji kumlipa mtu wa kati. Lakini hakuna njia ya haraka itakayomsaidia aliyetangaza siri yake kabla ya kupeleka ombi.

Hataza ni nini, na kwa nini inachelewa?

Hataza ni haki inayotolewa na dola kwa mtu aliyevumbua kitu kipya. Inampa uwezo wa kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze kitu hicho bila ruhusa yake kwa muda maalumu, kwa kawaida hadi miaka 20. Naye kwa upande wake hueleza hadharani, kwa maandishi na michoro, namna kitu hicho kinavyofanya kazi.

Hataza si hakimiliki. Hakimiliki inahusu nyimbo, vitabu, picha na kazi kama hizo, na kwa Zanzibar inashughulikiwa na COSOZA. Wengine hupoteza wiki nzima kwa kugonga mlango usio wao.

Ombi la hataza hupitia hatua mbili. Kwanza ofisi huangalia kama karatasi zimekamilika na ada imelipwa. Kisha huja uchunguzi wenyewe: je, kitu hiki ni kipya duniani, si Pemba tu? Je, kuna uvumbuzi ndani yake, au ni jambo ambalo fundi yeyote angelifikiria? Je, kinaweza kutengenezwa na kutumika? Mchunguzi hupekua maandishi ya nchi nyingi, humwandikia mwombaji maswali, husubiri majibu, kisha huandika tena. Hapo ndipo miaka inapokwenda.

Tarehe kwanza, haraka baadaye

Kinachoamua nani ana haki ni tarehe ya kupokelewa ombi. Wawili wakibuni kitu kimoja, aliyepeleka ombi mapema ndiye mwenye nafasi, hata kama hati yake itatoka baada ya miaka mitatu.

Tarehe hiyo pia ndiyo kipimo cha upya. Ukionesha kifaa chako kwenye maonesho, ukakirusha WhatsApp au ukakieleza redioni kabla ya tarehe hiyo, unaweza kuwa umeua upya wake wewe mwenyewe. Baadhi ya sheria zinatoa msamaha wa muda mfupi kwa mbunifu aliyejitangaza, lakini msamaha huo hauko kila nchi. Kwa hiyo hata sisi wa redio, ukituita tuje kurekodi, tungependa utuite baada ya kuwasilisha ombi.

Kumbuka pia kwamba kilichokwisha kuwa wazi hakirudi kuwa siri. Chukua mfano wa nyavu za mirija, zinazotumika kulima mwani wa kotonii kwenye maji ya kina kirefu zaidi baada ya maji ya pwani kupata joto na mwani huo kuanza kufa. Mbinu hiyo imefundishwa Zanzibar na watafiti, akiwemo Dkt. Flower Msuya, na imeandikwa katika machapisho. Hakuna anayeweza leo kuidai kuwa ni mpya. Lakini anayegundua namna bora ya kuifunga au kuivuna, jambo ambalo halijaelezwa popote, anaweza kuliombea hilo.

Upeleke wapi?

Kosa la mlango ndilo linalokula muda mwingi zaidi. Masuala haya si ya Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Mali za Viwanda, Namba 4 ya mwaka 2008, na usajili unafanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar, BPRA. Tanzania Bara ina sheria yake ya hataza ya mwaka 1987, na usajili uko BRELA. Hati ya upande mmoja haikulindi upande wa pili. Kama kifaa chako kitauzwa Wete na pia Tanga, una milango miwili ya kubisha.

Mlango wa tatu ni ARIPO, shirika la mali za ubunifu la Afrika lenye makao yake Harare, Zimbabwe, na wanachama zaidi ya nchi 20. Kupitia Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo. Kabla ya kulipa ada zake, ambazo zinahesabiwa kwa dola, iulize BPRA kwa maandishi jinsi hati ya ARIPO inavyotambuliwa Zanzibar, na ulitunze jibu.

Njia tano za kufupisha safari

Ya kwanza: omba uchunguzi mapema. Chini ya Itifaki ya Harare, mwombaji ana hadi miaka mitatu tangu kuwasilisha ombi kuomba lifanyiwe uchunguzi. Kenya nayo ina muda kama huo katika sheria yake ya mwaka 2001. Wengi hudhani ofisi itaanza yenyewe, wakakaa. Muda ukipita bila kuomba, ombi hufa. Anayetaka haraka aombe siku ile ile anayowasilisha.

Ya pili: chagua haki inayolingana na kazi yako. Si kila ubunifu unahitaji hataza. Sheria za pande zote mbili zina hati ndogo kwa ajili ya maboresho ya vifaa. Kwa Bara, hati hiyo haidai uvumbuzi mkubwa. Inatosha kitu kiwe kipya na kitumike. Ulinzi wake ni wa muda mfupi zaidi, lakini maswali ya mchunguzi ni machache. Kwa kichanja cha mwani kilichoboreshwa, huenda hiyo ndiyo inayofaa.

Ya tatu: tafuta kabla hujatafutiwa. Shirika la Mali za Ubunifu Duniani, WIPO, lina hazina ya bure iitwayo PATENTSCOPE, na Ulaya wana Espacenet. Zote zinafunguka kwa simu. Maandishi mengi yako kwa Kiingereza, kwa hiyo muombe mwalimu wa skuli akupe maneno ya kutafutia, bila kumweleza siri yenyewe. Ukikuta kifaa kama chako, eleza katika ombi lako tofauti iko wapi. Umeshajibu swali la mchunguzi kabla hajauliza.

Ya nne: andika ombi safi. Sehemu muhimu kuliko zote ni madai, yaani sentensi zinazosema ni kitu gani hasa unachodai kuwa chako. Ukidai kila kitu, utarudishiwa. Ukidai kidogo mno, jirani atabadilisha msumari mmoja na kukukwepa. Hapa inafaa kumlipa wakala aliyesajiliwa au mwanasheria anayejua kazi hii. Michoro iwe na namba zinazolingana na maelezo. Kama ubunifu ni wa kikundi, andikianeni mapema nani alibuni na nani ana hisa, kwani mzozo wa wanakikundi unaweza kulisimamisha ombi kuliko ofisi yoyote.

Ya tano: jibu barua haraka. Ofisi inapokupa miezi kadhaa ya kujibu, huo ni ukomo. Hakuna anayekulazimisha kuumaliza. Toa namba ya simu na anwani ambazo hazitabadilika. Na kama umeshaomba nchi nyingine na ukapata ripoti ya uchunguzi, iwasilishe. Mchunguzi anayeona kazi ya mwenzake hana haja ya kuanza sifuri.

Wenzetu wa nje wanafanyaje?

Wazo hilo la ofisi moja kutumia kazi ya nyingine ndilo lililozaa mpango wa Marekani na Japani ulioanza kwa majaribio mwaka 2006 na kufuatwa na nchi nyingi: ukikubaliwa kwao, kwetu unapita foleni fupi. Marekani pia, tangu mwaka 2011, huuza nafasi ya mbele kwa ada ya ziada, na lengo lake ni uamuzi ndani ya miezi 12 hivi. Mwombaji aliyefikisha miaka 65 huweza kuomba atangulizwe bila ada hiyo. Ofisi ya hataza ya Ulaya huharakisha bila malipo kwa anayeomba, na Uingereza mwaka 2009 ilifungua njia ya mbele kwa uvumbuzi unaofaa mazingira.

Njia hizo zina maana kwako ikiwa unakusudia kuuza huko. Mkataba wa Paris, ambao Tanzania ni mwanachama, hukupa miezi 12 tangu ombi la kwanza kupeleka nchi nyingine wanachama huku ukihesabiwa tarehe ile ile ya mwanzo.

Je, kila mtu anahitaji haraka?

Hapana. Ukishapata tarehe, unaweza kuonesha, kuuza na kuboresha huku ombi likiendelea. Lakini usidhani foleni itakuepusha na ada za kila mwaka, kwani zinaweza kudaiwa hata ombi likiwa bado halijaamuliwa. Kwa mtu ambaye bado hajapata soko, kukaa kwenye foleni si tatizo kubwa.

Anayehitaji haraka ni yule ambaye tayari anaigwa, au mwenye mwekezaji anayesema: nioneshe hati kwanza. Mpaka hati itolewe, ni vigumu kumfikisha mwigaji mahakamani. Huyo azitumie njia zote tano, na katika barua ya kuomba aharakishiwe aeleze sababu hiyo waziwazi.

Na tahadhari ya mwisho ni kuhusu vishoka. Hakuna mtu wa mitaani anayeweza kukuahidi hataza kwa wiki mbili. Malipo ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo na kutolewa risiti. Kabla ya kupanda boti kwenda Unguja, wapigie BPRA uwaulize nyaraka zipi zinahitajika, ada ni kiasi gani, na kama zinaweza kupokelewa hapa hapa Pemba. Mpaka siku hiyo, kifaa chako kiweke ndani, na picha zake zisitoke kwenye simu yako.