Rondalla isizibe sauti ya patu

Uhispania iliitawala Ufilipino kuanzia 1565 hadi 1898. Katika karne hizo mapadre walifundisha watoto kuimba misa, wakaingiza gitaa na banduria, na wakapiga vita ibada za wenyeji pamoja na nyimbo zake. Hadi leo wapo wanaodai kwamba Uhispania ndiyo iliyowapa Wafilipino muziki. Dai hilo ni uongo, na anayelirudia mbele ya wanafunzi anawadhulumu.

Milima ya Cordillera na sehemu kubwa ya Mindanao hazikutiishwa kikamilifu na Wahispania, na ndiko patu zinakolia mpaka sasa. Wamaguindanao wa Mindanao hupanga patu ndogo 8 juu ya fremu, kuanzia ya sauti nzito hadi ya sauti nyembamba. Mpigaji huzicharaza kwa vijiti viwili, na agung, patu kubwa zinazoning'inia, humwitikia. Wanayo pia kutyapi, zeze refu lenye umbo la mashua na nyuzi mbili: mmoja hushikilia sauti ileile, mwingine hubeba wimbo juu ya vibanzi vilivyogandishwa kwa nta ya nyuki. Hakuna padre aliyewafundisha hayo.

Hatusemi rondalla, bendi ya gitaa na banduria, itupwe. Wafilipino waliichukua banduria wakaipa nyuzi 14, na nyimbo za kundiman alizotunga Nicanor Abelardo ni mali yao halali. Hata kinanda cha kanisa la Las Piñas, alichokikamilisha padre Diego Cera mwaka 1824, kina mabomba 902 ya mianzi kati ya 1,031. Tunachokataa ni urithi wa nyanda zilizotawaliwa kuitwa muziki wa taifa zima, huku patu zikitolewa siku ya sherehe tu, kama pambo la jukwaani.

Sheria ya 1992 ilianzisha tuzo ya taifa ya mafundi wa sanaa za jadi, na mwaka uliofuata Samaon Sulaiman, bingwa wa kutyapi, akatunukiwa. Ilikuwa haki yake. Lakini mzee mmoja hawezi kubebeshwa kazi ya wizara. Serikali ya Manila iwaajiri mafundi hawa kama walimu, kwa mshahara kamili, na ipange vipindi vya patu katika shule za Manila na Cebu, si za Cotabato kule Mindanao tu. Nalo Kanisa litamke hadharani mapadre wake walizifanyia nini ibada na nyimbo za wenyeji.