Niambie Kwa Nini Umeipenda

Mtahiniwa wa Kidato cha Nne, kuna swali moja dogo la utungaji ambalo huwa nalitoa kila mwaka: chagua filamu, tamthilia ya televisheni, gemu au katuni uipendayo, kisha uitetee. Darasa zima hufurahi. Hata wale wa madawati ya nyuma ambao insha zao hazijavuka nusu ukurasa tangu Kidato cha Kwanza huomba karatasi ya ziada. Kisha nakusanya kazi, nakaa nazo usiku, na karibu zote ni za aina moja. Stelingi alipigwa, dada yake akatekwa, akaenda mlimani kufundishwa kareti na mzee mwenye ndevu, akarudi, akawamaliza wote. Kurasa mbili nzima. Mwishoni mstari mmoja: "Kwa hiyo filamu hii ni nzuri sana na inafundisha jamii."

Inafundisha jamii nini? Nzuri kwa lipi? Hapo hapana jibu.

Maoni yangu, na najua baadhi ya walimu wenzangu hawakubaliani nami, ni kwamba mwanafunzi asiyeweza kueleza kwa nini anapenda kitu alichokitazama mara nne kwa hiari yake hataweza kusema la maana kuhusu Takadini au Ngoswe, vitabu ambavyo huenda alivisoma kwa sababu tu vimo kwenye orodha. Swali la fasihi likikuuliza kama mwandishi amefaulu kujenga wahusika wake, halikuombi usimulie hadithi. Linaomba hukumu yako na ushahidi wake. Hukumu ni kitu cha kuzoeza, na ni rahisi kuizoeza kwenye kitu unachokipenda tayari.

Wenzangu husema televisheni na magemu yanapoteza muda wa vijana. Wana sababu. Mwanafunzi anayetoka kibanda umiza saa tano usiku hawezi kuamka na akili ya kukokotoa hesabu za logi, na viko vyumba vya gemu ambako pesa ya daftari huishia kwenye dau la mechi. Sitetei hayo. Lakini kumkataza mtoto asikizungumzie kitu darasani hakumzuii kukitazama mtaani. Kunamzuia tu asikifikirie.

Sisi wa Tabora tuna sababu yetu ya ziada ya kulijadili jambo hili. Mji huu ulikua juu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na nguo na shanga. Ukiisoma historia hiyo harakaharaka utadhani wageni walileta vitu na wenyeji wakapokea chochote. Haikuwa hivyo hata kidogo. Nguo ya merikani, iliyopewa jina hilo kwa kuwa ilitoka Marekani, ilikuwa na wapenzi wake, na kaniki nayo ilikuwa na wake. Shanga ndizo zilizowatesa wasafiri zaidi. Huku watu walitaka zile nyekundu zilizoitwa samisami, mbele kidogo walitaka nyeupe, na kwingine wakataka rangi nyingine kabisa. Tena mtindo ulibadilika. Kiongozi wa msafara aliyenunua pwani shanga zisizopendwa bara aliweza kujikuta ana mizigo tele na bado hana cha kununulia unga. Ndiyo maana kabla ya kufunga mizigo walitafutwa watu waliotoka bara karibuni, wakaulizwa: safari hii wanapenda nini kule?

Kwa hiyo wazee wa njia hii walikuwa na maoni yao juu ya bidhaa za ng'ambo, na maoni hayo yalikuwa na nguvu ya kumlaza mtu na njaa. Siku hizi bidhaa zinazoingia ni filamu za Kihindi na Kichina, tamthilia za Kikorea, Kifilipino na Kituruki, na filamu za Kinijeria. Je, wewe unachagua shanga, au unavaa tu uliyovishwa?

Nauliza hivyo kwa sababu wengi wenu hamjawahi kuisikia filamu ya kigeni yenyewe. Mmemsikia mtafsiri. Tanzania ina ufundi huu wa mtu kukaa na kipaza sauti na kuisimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti zake, na Lufufu ndiye aliyevuma zaidi kwa kazi hiyo katika enzi ya kanda za video. Ni kazi ya kisanaa, tena inafanana na ya fanani wa fasihi simulizi mnayesoma habari zake: ana hadhira, anaongeza chumvi, anatania, anaonya. Ila mtafsiri hatafsiri maneno tu, anatoa pia hukumu. Akimwita mhusika "mwanamke asiye na shukrani," nawe unaandika kwenye insha kwamba mwanamke yule hakuwa na shukrani, hayo ni maoni ya nani? Siku moja itazame sehemu hiyohiyo sauti ikiwa imezimwa, uangalie uso wa yule mwanamke, kisha uandike.

Hata filamu kutumiwa kutufundisha si jambo jipya. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa filamu Vugiri, huko Usambara, uliotengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika mambo kama kilimo bora, afya na kuweka akiba, kisha zikazungushwa kwa gari Afrika Mashariki. Waliozitengeneza waliamini kwamba mtazamaji wa huku anahitaji hadithi nyepesi yenye mafunzo. Kila nikisoma "filamu hii inafundisha jamii" namkumbuka mtu wa Vugiri. Filamu inaruhusiwa pia kukuchekesha, kukutisha, kukuonyesha bahari ambayo hujawahi kuiona. Ukisema umeipenda kwa sababu ilikutisha, na ukaonyesha ilivyokutisha (giza, ukimya, mlango unaofunguka polepole), umetoa hoja nzuri kuliko mafunzo kumi ya kubuni.

Ziko filamu zinazotuhusu moja kwa moja. Mwaka 1939 Wamarekani walitoa "Stanley and Livingstone," na mwaka 1990 ikatoka "Mountains of the Moon" inayohusu safari ya Burton na Speke, wale waliofika hapa, wakati huo wakipaita Kazeh, mwezi Novemba 1857. Ya pili nimeitazama zaidi ya mara moja. Imepigwa vizuri na mandhari yake yanavutia. Lakini jaribu kuhesabu ni mara ngapi kamera inamsogelea mpagazi mpaka ukaona anachokifikiri. Watu waliobeba safari yote vichwani mwao wamekuwa mandhari, kama milima. Haya ni maoni yangu, na unaweza kunipinga kwamba filamu inamhusu Burton na si mpagazi. Sawa, nipinge, ila unionyeshe sehemu ya filamu inayokusaidia. Mimi bado naisubiri filamu ya Mirambo wa Urambo, au ya Isike aliyejilipua kwa baruti ndani ya ngome yake mwaka 1893 kuliko kukamatwa na Wajerumani. Vijana wanaolalamika kwamba hatuna hadithi za kivita wanapita kandokando ya hadithi hizo kila siku wakienda shule.

Kuhusu filamu zetu wenyewe, nimechoshwa na sentensi moja: "Bongo movie hazina kitu." Anayeisema mara nyingi hataji hata moja. Dosari zipo: sauti inayopotea upepo ukivuma, hadithi ya saa moja kuvutwa iwe sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe diski mbili. Zitaje hizo. Lakini eleza pia ni kwa nini Steven Kanumba, kijana aliyezaliwa kwa jirani zetu Shinyanga, alipofariki Aprili 2012 alizikwa na umati wa watu uliofurika Dar es Salaam. Watu hawaombolezi hivyo kwa kitu kisicho na kitu. Na kama umesoma riwaya ya Adam Shafi, "Vuta n'kuvute," tafuta filamu aliyoiongoza Amil Shivji mwaka 2021 kutokana na riwaya hiyo, iliyofika hadi tamasha la Toronto. Mtazame Yasmin wa kitabuni na Yasmin wa kwenye kioo. Mwongozaji amepunguza nini, na je, alikuwa na haki? Ukilijibu hilo kwa kurasa mbili, swali la fani halitakusumbua.

Katuni nazitaja kwa ufupi, si kwa kuzidharau. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, kisha akina Ndumilakuwili na Madenge wa gazeti la Sani, waliwachekesha wazazi wenu, na nadhani mtoto aliyejifunza kusoma kwa Madenge hakupoteza chochote. Mwaka jana mvulana mmoja mkubwa, mwenye ndevu zinazoanza, aliandika kwamba kipindi anachokipenda ni Ubongo Kids, katuni za Kitanzania zilizoanza kurushwa mwaka 2014. Darasa lilimcheka. Sababu yake ilikuwa kwamba wimbo mmoja wa kipindi hicho ulimfanya aelewe sehemu, kitu ambacho hakuwa amekielewa miaka yote ya shule ya msingi, na sasa anautazama na mdogo wake ili yeye asichelewe kama yeye alivyochelewa. Nilimpa alama za juu kabisa. Mwingine alitetea gemu la mpira kwa hoja kwamba ndani yake yeye ni meneja, anauza na kununua wachezaji kwa bajeti isiyotosha. Kisha akakubali mwenyewe kwamba mtangazaji wa gemu anaongea Kiingereza cha haraka na nusu ya utani wake humpita. Kukiri huko hakukumpunguzia kitu. Kulimfanya aaminike.

Na mkibishana, bishaneni kama watani. Wanyamwezi wana watani wengi katika njia ile ya misafara, kuanzia Wagogo hadi Wazaramo, na mtani hukuambia msibani kwamba marehemu wenu alikuwa bahili, nanyi mnacheka na kumpa chakula. Kumwambia mwenzako kwamba tamthilia yake ya Kituruki ina vipindi mia vya mtu mmoja kulia si kumtukana. Msikilize akikujibu. Huenda anajua jambo kuhusu yule mama mkwe ambalo wewe hukulingoja.

Jaribu hivi jioni ya leo, kabla ya kufungua mitihani ya miaka iliyopita. Chukua ukurasa mmoja na nusu. Litaje jina la filamu, tamthilia, gemu au katuni yako mara moja tu, mwanzoni. Usimulizi wa hadithi usizidi mistari minne. Chagua sehemu mbili unazozikumbuka ukiwa umefumba macho, useme zimekufanya nini na zimefanyaje. Weka kasoro moja ya kweli. Usiandike neno "inafundisha." Kisha mpe mtu asiyeipenda asome.