Leza ya Setilaiti Yaja, Pwani Tujipange

Novemba 2024, mkaazi wa Waithaka, kule Dagoretti magharibi ya Nairobi, akitaka kujiunga na Starlink aliambiwa nafasi zimejaa. Nairobi na kaunti jirani zilifungiwa wateja wapya hadi mwaka uliofuata. Setilaiti ina kiasi chake cha data, kama matatu ilivyo na viti vyake.

Data hushuka hadi paani kwa mawimbi ya redio. Lakini setilaiti zenyewe huzungumza kwa leza, na wahandisi wanataka leza hiyo ifike ardhini. Mwaka 2023 chombo cha NASA kiitwacho TBIRD, kadiri ya boksi la tishu, kilishusha gigabiti 200 kwa sekunde.

Mwanga ukisafiri mbali huchoka, ndipo inapohitajika ampilifaya. Hapa Mombasa twaishi nazo bila kuziona: kebo za TEAMS na SEACOM, zilizofika 2009, zinazo chini ya bahari, moja kila baada ya makumi ya kilomita. Ndani mna mita kadhaa za uzi wa kioo uliotiwa madini ya erbiamu. Leza ndogo huichochea erbiamu hiyo, na mwanga dhaifu ukipita hapo hutoka na nguvu mpya, bila kugeuzwa umeme kwanza. Ya baharini hupata umeme kutoka ufukoni kwa kebo hiyohiyo. Ya angani hutegemea paneli za jua, haina hewa ya kuipoza, na mionzi hutia giza uzi wake wa kioo pole pole. Kuifanya iwe ndogo, isile umeme mwingi na idumu miaka, hiyo ndiyo kazi.

Sasa yatuhusu nini? Leza ina adui: mawingu. Vituo vya kuipokea lazima viwe mahali mbalimbali, huku kukifunikwa, kule kuwe wazi. Nairobi mwezi wa Julai jua lenyewe huwa la kutafuta. Sisemi Malindi hakuna mawingu, masika yetu twayajua. Lakini kebo zatua Mombasa, na Ngomeni ndiko Waitaliano walikorusha setilaiti ya Uhuru, tarehe 12 Disemba 1970.

Roketi ziliruka, kebo zikatua. Je, ni vijana wangapi wa Ngomeni waliofunzwa uhandisi wa setilaiti? Wabunge wetu waliulize Shirika la Anga za Juu la Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano sasa, kabla leseni ya kituo cha leza haijaandikwa: kitajengwa wapi, na nani atafunzwa? Chuo Kikuu cha Kiufundi kipo Tudor. Na kijana wa Kisauni anayeunganisha faiba mitaani, akipatanisha nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, tayari ameanza ufundi ambao ampilifaya hizo zinautaka.