Upepo Ukitangazwa, Moshi Usisubiriwe

Jumanne ya Januari 7, 2025, Los Angeles haikushtukizwa. Siku kadhaa kabla, Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani ilikuwa imeshatabiri upepo wa hatari, na Jumatatu ikatoa onyo zito la bendera nyekundu, ikisema wazi kwamba maisha ya watu yamo hatarini. Kesho yake saa nne na nusu asubuhi moto ukazuka Palisades. Saa kumi na mbili na dakika 18 jioni ukazuka wa pili, Eaton, juu ya mji wa Altadena. Mioto hiyo miwili iliua watu wasiopungua 30 na kuteketeza majengo zaidi ya 16,000.

Utabiri ulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni hatua za kuchukua baada ya kuusikia.

Bendera nyekundu hutangazwa moto ukiwa bado haujawaka. Upepo mkali, hewa kavu na majani yaliyonyauka vinapokutana, cheche moja inatosha. Los Angeles ilikuwa haijapata mvua ya maana tangu Mei ya mwaka uliotangulia. Upepo wa Santa Ana hutoka jangwani na kushuka milimani, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyozidi joto na ukavu. Usiku ule ulivuma kwa nguvu hata ndege za kuzima moto zikashindwa kuruka.

Wengi hudhani nyumba huliwa na ndimi za moto zinazoijia mbele kwa mbele. Mara nyingi kinachoiunguza ni cheche iliyopeperushwa kutoka mbali, hata zaidi ya kilomita moja, ikatua kwenye mfereji wa paa uliojaa majani makavu au kwenye zulia la kupangusia miguu mlangoni. Ndiyo maana kazi ya mkazi huanza siku ya tangazo: afagie majani, asogeze kuni mbali na ukuta, ajaze mafuta gari na kuligeuza lielekee barabarani, dawa na vyeti viwe kwenye begi moja.

Na mlango wa gereji asiusahau. Katika mioto ya kaskazini mwa California mwaka 2017, wapo waliofia nyumbani kwa sababu umeme ulikatika na mlango unaojiendesha ukagoma kufunguka. Jimbo likatunga sheria: tangu Julai 2019, kila mashine ya kufungua mlango huo inayouzwa huko lazima iwe na betri ya akiba. Nyumba nyingi bado zina mashine za zamani, na njia ya kuufungua kwa mkono haifai kutafutwa gizani.

Hata hivyo, si haki kumtwisha mkazi mzigo wote. Altadena, mashariki mwa barabara ya Lake, amri ya kuhama ilitoka mapema usiku. Magharibi mwake, zilikokaa kwa miaka mingi familia za Wamarekani weusi, ilifika baada ya saa tisa usiku, karibu saa tisa tangu moto uanze. Karibu wote waliokufa Altadena walikuwa upande huo. Mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya hapo, Agosti 8, 2023, bendera nyekundu ilikuwa imetangazwa Lahaina, Hawaii, lakini ving'ora havikulia. Watu wakajitosa baharini kujiokoa, na karibu 100 wakafa. Mamlaka zilikosea, tena kosa la kugharimu roho.

Kwa hiyo mwenye mzazi mzee, mgonjwa wa kitandani au asiye na gari asingoje amri. Aondoke mapema, hata kama jirani atamwona mwoga. Na msomaji mwenye ndugu California ampigie simu wiki hii: ajiandikishe kupokea arafa za dharura za kaunti yake, ni bure, na aseme nani atakayekwenda kumchukua bibi usiku.