Unalipwa Nairobi, unashtaki Delaware?

Wasee, hebu fungueni ile apu mnapokelea dola zenu. Si kuangalia salio. Ingia kwa masharti, shuka mpaka karibu mwisho, pale watu hawafikangi. Angalia kama kuna kipengele kinasema mzozo wowote utasikizwa na mahakama za nchi fulani ya nje. Kama kiko, siku ile ulibonyeza "Nakubali" ulikubali hadi hiyo.

Maoni yangu: hicho kipengele hakifai kumfunga mtu wa kawaida.

Mimi niliacha chuo na sheria sikusomea, lakini hukumu za korti zetu ziko mtandaoni na kuzisoma ni bure. Mahakama ya Rufaa ilisema kwenye kesi ya United India, 1985, kwamba hata mkataba ukitaja mahakama ya nje, korti ya Kenya bado inaweza kusikiza kesi. Lakini wewe unayeshtaki lazima ulete sababu nzito. Jaji ataangalia ushahidi uko wapi, sheria ya nchi gani inatumika, kila upande una uhusiano gani na nchi hizo, na kama kampuni inataka kesi ikae huko kwa nia safi ama inatafuta tu upenyo. Ataangalia pia kama haki yako itapotea ukienda. Mwaka wa 2005 kanuni hiyo ilirudi kwenye mzozo na Raytheon, kampuni ya Marekani ya mikopo ya ndege, ambayo mkataba wake ulitaja Kansas.

Sasa, hizo ni ndege. Mtu wa ndege ana wakili wa kubishana juu ya kila mstari kabla hajatia sahihi. Wewe unayehariri video za klienti wa Toronto ulibishana na nani? Ilikuwa ukubali ama usilipwe.

Piga hesabu. Dola zako 600 zimezuiwa bila maelezo. Hapa nyumbani kuna Mahakama ya Madai Madogo: inachukua madai hadi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Ukiambiwa uende Marekani, wakili peke yake atameza hizo dola kabla hujaongea viza na tiketi. Utaachilia tu. Na ukiachilia, hakuna jaji wa nchi yoyote atawahi kuuliza kwa nini pesa yako ilizuiwa.

Ulaya walishaona hii maneno. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1215 ya 2012 inasema mteja wa kawaida anaweza kushtaki kampuni mahali anapoishi, bora kampuni iwe inatafuta biashara nchini mwake. Kipengele alichokubali kabla ya mzozo hakimnyimi hiyo haki. Hakuna kuanza kumbembeleza jaji na sababu nzito.

Najua kuna mtu atauliza: ukishinda Nairobi na kampuni haina hata dawati hapa, utakamata nini? Swali poa. Ndiyo maana sheria pekee haitoshi. Kampuni inayoshika pesa ya Wakenya ilazimishwe kuwa na mwakilishi hapa wa kupokea kesi, na iweke dhamana ya kulipa ikishindwa. Hutaki, usichukue wateja hapa.

Na tusiambiwe eti hao wakubwa hawaguswi. Septemba 2024, Mahakama ya Rufaa ilisema Meta inaweza kushtakiwa Kenya na vijana waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook. Hao walilazimika kupigana korti kwanza, ndipo wapate tu ruhusa ya kusikizwa. Kwa dola 600 hakuna mtu ataweza hiyo vita.

Kwa hivyo mtu akikuja kuomba kura yako 2027 na stori za ajira za kidijitali, muulize swali moja: pesa ya hiyo ajira ikizuiwa, tutashtaki wapi?