Kambi ya ndege Eastleigh: Nani alimsogelea mwenzake?

WAKAZI wa Eastleigh, Mathare na Kiambiu wamezoea mngurumo wa ndege za kijeshi juu ya mapaa yao. Hata hivyo, mazoea si usalama, na swali iwapo Kambi ya Wanahewa ya Moi ingali mahali panapofaa lingali linasubiri jibu.

Kambi hiyo ni kongwe kuliko majumba mengi yanayoizunguka. Waingereza waliitumia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kwa miaka mingi ndio uliokuwa uwanja mkuu wa ndege jijini Nairobi. Shirika la East African Airways lilianzia safari zake hapo mwaka wa 1946. Februari 1, 1952, Elizabeth, bintiye Mfalme wa Uingereza, alitua hapo. Siku tano baadaye babake alifariki naye akawa Malkia.

Lakini historia hiyo ina upande mwingine. Enzi za Mau Mau, ndege za mabomu aina ya Lincoln zilipaa kutoka hapo kwenda kushambulia misitu. Nayo mitaa ya Eastlands ikapata pigo lake Aprili 1954, serikali ya kikoloni ilipowanasa maelfu ya watu katika Operesheni Anvil na kuwatupa vizuizini.

Ndege za abiria zilihamia Embakasi baada ya uwanja huo kufunguliwa mwaka wa 1958. Kikosi cha Wanahewa cha Kenya kilipoundwa Juni 1, 1964, Eastleigh ikawa makao yake.

Doa kubwa lilikuja Agosti 1, 1982. Wanahewa walioasi, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka aliyehudumu Eastleigh, waliteka kituo cha redio cha Sauti ya Kenya na kutangaza kuwa wamempindua Rais Daniel arap Moi. Jeshi la nchi kavu liliwazima siku hiyo hiyo. Kikosi kizima kilivunjwa na kuundwa upya, na Ochuka akanyongwa mwaka wa 1987.

Kwa raia wa kawaida, hata hivyo, hatari imo angani. Aprili 1992, ndege ya kijeshi aina ya Buffalo ilianguka katika mtaa wa Kaloleni na kuua watu takriban 50, wakiwemo wakazi waliokuwa makwao.

Tangu wakati huo mitaa imezidi kufurika na magorofa kurefuka. Novemba 2011, nyumba zilizokuwa karibu na kambi zilibomolewa kwa sababu za usalama.

Wapo wanaotaka kambi ihamishwe. Hoja hiyo ina uzito, lakini Wakenya wanajua hatima ya ardhi ya umma inapoachwa wazi: wanyakuzi huwahi kabla ya shule na zahanati.

Suluhisho la haraka ni mipaka ya kambi na njia za ndege kutangazwa waziwazi, na urefu wa majengo kudhibitiwa kabla msingi haujachimbwa. Afisa anayeidhinisha jengo mahali pasiporuhusiwa ndiye anayestahili kushtakiwa kwanza. Tingatinga likija baada ya mpangaji kuhamia, anayeadhibiwa ni yule asiye na hatia.